Sura ya Saba: Maradhi Madogo Chomboni

Tarehe 7 Aprili 1498 merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga mbele ya Mombasa zikiwa na mabaharia wagonjwa. Miezi michache kabla ya hapo, walipokuwa kwenye pwani ya Msumbiji ya leo, mikono na miguu yao ilivimba, na ufizi ukaota juu ya meno hata kula kukawa taabu. Mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa. Mwandishi wa shajara ya safari ile alieleza kwamba wagonjwa wote walipona hapo, na sababu akaitaja kuwa ni uzuri wa hewa ya mji. Kilichowaponya ni yale matunda. Ilipita karibu miaka 250 kabla ya daktari Mskoti James Lind, mwaka 1747, kuchukua mabaharia 12 wagonjwa katika merikebu ya Salisbury, akawagawa wawili wawili na kila jozi akaipa dawa yake. Wawili waliokula machungwa na malimau ndio walioinuka upesi.

Ugonjwa ule huanza na uchovu na ufizi unaotoka damu kidogo. Mtu wa nchi kavu huumaliza sokoni bila hata kujua kwamba alikuwa nao. Mabaharia wale bahari iliwanyima soko. Nami naona hivyo ndivyo maradhi mengi ya chomboni yanavyokwenda: huwa makubwa kwa sababu vitu vidogo vya kuyamaliza viko mbali. Maji matamu ni ya kupimwa. Kivuli ni haba na nguo hazikauki sawasawa. Kwenda kwa daktari kunataka kidau, kunataka maji yaliyojaa, kunataka mtu wa kubaki na chombo. Na ukiwa na mbwa, kunataka pia mtu wa kubaki na mbwa. Haja hii ya mwisho ndiyo niliyoiona ikiwachelewesha watu kuliko zote, na sehemu ya mwisho ya sura hii nimeitenga kwa ajili yake.

Mahali tunapopazungumzia ni mkono wa bahari wa Mtwapa, upande wa Shanzu. Kaskazini ya maji ni Kaunti ya Kilifi, kusini ni Mombasa, na daraja la barabara ya Malindi limeuvuka katikati. Mikoko imeshika kingo, na nje mwamba wa matumbawe huyavunja mawimbi ya kusi kabla hayajafika. Mashua za wavuvi, boti za watalii na vyombo vya matanga vya wageni hutia nanga humu kwa sababu maji yake yametulia. Wako wanaolala usiku mmoja wakaondoka, na wako wanaokaa msimu mzima wakingoja pepo zigeuke. Siku za bamvua maji hupanda na kushuka karibu mita 4. Ngazi uliyoikanyaga alfajiri maji yakiwa yamejaa, kabla ya adhuhuri hufunguka juu ya matope, mawe na makombe makali. Mbwa naye anataka kushuka mara mbili kwa siku, maji yamejaa au yamekupwa. Miguu mingi huumia katika safari hizo fupi za kumshusha mbwa.

Maji matamu kwanza

Ng'ambo ya pili, karibu na mlango wa mkono huu wa bahari, yapo magofu ya Jumba la Mtwana, mji wa Waswahili wa karne ya 14 uliochimbuliwa na James Kirkman mwaka 1972. Msikiti wake wa ufuoni una hodhi la maji na mawe ya matumbawe ya kusugulia nyayo. Aliyetoka mchangani aliosha miguu kwa maji matamu kabla ya kuingia. Mwenye chombo na afanye vivyo hivyo: aweke mtungi wa lita 20 wenye bomba dogo pale tezi, na asiingie mtu wala mbwa kabla ya nyayo zake kuoshwa na kupanguswa.

Faida ya desturi hiyo ni kubwa kuliko usafi wa sitaha. Chumvi ikikauka juu ya ngozi huendelea kuvuta unyevu wa hewa, kwa hiyo ngozi haikauki kamwe. Ndipo harara hutokea shingoni na mapajani, fangasi hujishika katikati ya vidole, na mkwaruzo uliokuwa ukipona hulainika ukafunguka tena. Maji matamu kidogo jioni, kitambaa safi, na nguo kavu ya pamba ya kulalia huzuia sehemu kubwa ya haya. Harara haitaki mafuta mazito, maana huziba vinyweleo. Inataka ngozi ipoe na ipate hewa. Choa na fangasi za vidoleni hutaka krimu ya klotrimazoli, na hiyo hupakwa mpaka wiki kadhaa zipite, hata kama muwasho umeondoka siku za mwanzo.

Masikio yana taabu zao. Maji yakibaki ndani baada ya kuogelea, inamisha kichwa upande mmoja, kisha wa pili, yamwagike yenyewe. Usitie kijiti cha pamba wala unyoya wa kuku. Sikio linalouma ukiligusa, au linalotoa usaha, ni la daktari, kwa sababu dawa ya matone inayofaa sikio zima inaweza kulidhuru sikio lenye ngoma iliyotoboka. Mbwa mwenye masikio yanayoning'inia hupata shida hiyohiyo: akitikisa kichwa mfululizo, au sikio likinuka, usingoje wiki ijayo.

Maji yenyewe yapangie. Maeneo haya hupata maji ya mfereji kutoka visima vya Baricho kwenye mto Sabaki, na mfereji ukikatika watu hununua kwa mitungi. Mtungi wa kunywa uwe peke yake, utiwe klorini ya kusafishia maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na usichotwe kwa kikombe kilichoshikwa na kila mkono. Mtungi wa kuoshea vidonda na miguu uwe wa pili. Chombo kinapobakiwa na maji machache, punguza ya kufulia kwanza. Ya vidonda yawe ya mwisho kupunguzwa.

Mkato wa tumbawe au wa makombe yaliyoota ubavuni mwa chombo huonekana mdogo, lakini huacha chembe ndani. Uoshe kwa maji matamu na sabuni mpaka usione mchanga, utoe chembe zilizobaki kwa kibano safi, upake aidini, uufunike kwa shashi kavu, na usirudi baharini mpaka ngozi ifunge. Kumbuka lini ulichomwa chanjo ya pepopunda mara ya mwisho. Ikiwa imepita miaka 10, au ikiwa hukumbuki, mkato huo umekupa sababu ya kwenda zahanati. Jioni piga mstari kwa kalamu kuzunguka wekundu. Asubuhi, wekundu ukiuvuka mstari, au ukiona mchirizi mwekundu unapanda mguuni, au homa imekuja, shuka siku hiyohiyo. Bahari yenye joto ina bakteria wanaoenea mwilini kwa kasi, na mtu mwenye kisukari au maradhi ya ini hana nafasi ya kungoja hata asubuhi. Wazee wa pwani wamesema zamani: mdharau mwiba, guu huota tende.

Miiba na sumu

Katika miamba ya Shanzu yupo yule kiumbe mweusi wa mviringo mwenye miiba mirefu myembamba. Ukimkanyaga, miiba huingia na kukatika. Toa kwa kibano ile iliyochomoza, kisha tumbukiza mguu katika maji moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, nyuzijoto 45 hivi, kwa dakika 30 hadi 90. Usichokore nyama kwa sindano ukitafuta iliyozama. Vipande vingi vidogo huyeyuka au husukumwa nje na mwili, na kuchokora huingiza uchafu. Mwiba uliozama karibu na kiungo cha kidole au goti utolewe na mganga wa kituo cha afya. Wavuvi wengi hupaka utomvu wa papai bichi. Utomvu huo huwasha ngozi na ni hatari kwa macho, na hata ukiutumia, maji moto bado yanahitajika.

Maji moto ndiyo huduma ya kwanza pia kwa mwiba wa taa na wa samaki-jiwe, kwa kuwa joto hupunguza makali ya sumu zao. Pima joto kwa mkono mzima kwanza, maana mguu uliochomwa unaweza usihisi kwamba unaungua. Taa huacha jeraha pana na mara nyingi vipande vya mwiba ndani. Kila aliyechomwa na taa aende hospitali maumivu yakishatulizwa, na aliyechomwa kifuani au tumboni akimbizwe mara moja, mwiba uliobaki usichomolewe njiani. Kinga yake ni rahisi: ukitembea maji ya magotini juu ya mchanga, buruta nyayo badala ya kuzikita. Taa akisikia mtikisiko huondoka. Mbwa hawezi kufundishwa kuburuta miguu, kwa hiyo mtangulie, na mfunge kamba sehemu zenye mchanga laini.

Konyeza wakija na maji, osha mahali palipochomwa kwa maji ya bahari. Maji matamu huamsha vichomeo ambavyo bado havijafyatuka. Ondoa nyuzi zake kwa kijiti au kibano, usisugue kwa mchanga, kisha tumia maji moto. Siki husaidia kwa baadhi ya jamii za konyeza na huchochea nyingine, kwa hiyo usipomjua aliyekuchoma, bakia kwenye maji ya bahari na joto. Mtu anayepumua kwa shida, anayevimba uso au anayetapika mfululizo baada ya kuchomwa na kiumbe chochote wa baharini ni mgonjwa wa dharura.

Tumbo na mbu

Kuhara chomboni kuna hatari moja iliyo juu ya nyingine, nayo ni kukauka kwa mwili huku jua likikausha upande wake. Kama huna pakiti za chumvichumvi za dukani, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi, unywe kidogo kidogo siku nzima. Vipimo hivyo vifuate kikamilifu, kwani chumvi ikizidi hudhuru. Madafu ni mazuri na yana potasiamu nyingi, lakini chumvi yake ni kidogo, kwa hiyo yanywe pamoja na mchanganyiko huo. Damu kwenye choo, kukosa mkojo kwa saa nyingi, au kuhara maji mengi mfululizo kunakuondoa chomboni. Kwa mtoto na mzee, usingoje hata dalili hizo.

Homa inahitaji akili iliyotulia. Mombasa imepata milipuko ya dengi mwaka 2013, 2017 na 2021, na chikungunya nayo imepita. Mbu wanaoyaeneza huuma mchana na huzaliana katika maji yaliyotuama yenye usafi kiasi. Vyombo vingi hufungwa matairi makuukuu ubavuni ili visigongane na gati, na kila tairi hukinga maji ya mvua. Kidau kisichofuliwa maji, turubai lililobonyea na bakuli la mbwa lisilobadilishwa ni mazalio mengine. Toboa matairi chini, pindua kidau, na kila wiki sugua bakuli la mbwa kwa brashi, kwa sababu mayai ya mbu huyu hushika ukutani na hukaa hai hata yakikauka kwa miezi.

Ukishikwa na homa, pimwa malaria kabla ya kumeza dawa ya malaria. Mpaka dengi iondolewe katika shaka, tuliza maumivu kwa parasetamoli tu. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huongeza hatari ya kutokwa damu. Tumbo kuuma sana, ufizi kutoka damu au kulegea ghafla homa inapoanza kushuka ni ishara za kwenda hospitali, ingawa mgonjwa mwenyewe anaweza kudhani anapona.

Mbwa hasemi

Mbwa hawezi kukwambia kwamba ufizi wake umepauka. Mwenyewe umtazame kila jioni wakati wa kumwosha miguu: masikio, kati ya vidole, kwapani, chini ya mkia, na ndani ya midomo. Baada ya majuma machache mikono yako itamjua kiasi cha kugundua badiliko kabla ya macho.

Adui yake mkubwa chomboni ni joto. Mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema, na hewa ya pwani yenye unyevu hupunguza nguvu ya kuhema huko. Weka kiganja juu ya sitaha kwa hesabu ya tano. Kama mkono wako haustahimili, nyayo zake hazistahimili. Mbwa wa kilo 20 hutaka lita 1 ya maji kwa siku kwa kawaida, na zaidi wakati wa kaskazi. Joto la mwili wake likiwa sawa ni kama nyuzijoto 38.3 hadi 39.2; likipita 40 mpeleke kivulini, mloweshe tumbo, mapaja na nyayo kwa maji ya kawaida yasiyo ya barafu, mpepee, na mtafute daktari wa mifugo. Akiwa na kiu atakunywa maji ya bahari, na atatapika na kuhara. Hakikisha kila safari ya ufuoni ina chupa yake.

Kupe wa kahawia wa mbwa ana tabia mbaya kwa mwenye chombo: anaweza kumaliza maisha yake yote ndani ya makao, na jike mmoja hutaga maelfu ya mayai katika nyufa. Mtoe kwa kibano, umshike karibu kabisa na ngozi, uvute moja kwa moja bila kuzungusha. Mafuta ya taa na moto wa kiberiti humfanya ateme mate yake ndani ya jeraha. Tumia dawa ya kuzuia kupe mwaka mzima, na ukiona mbwa amelegea, hataki chakula, ufizi umepauka au mkojo umekuwa wa rangi ya chai, huenda ni homa ya kupe, ugonjwa unaotibika ukiwahiwa.

Minyoo ya mbwa humfikia mtu kupitia mchanga. Mayai hutoka na kinyesi, viluwiluwi huanguliwa katika mchanga wenye unyevu, na huingia katika nyayo za mtu aliyepita pekupeku, wakachora mistari inayowasha chini ya ngozi. Kwa hiyo mwenye mbwa huzoa kinyesi kila mara, hata ufuo ukiwa mtupu, na humpa mbwa dawa ya minyoo kwa ratiba ya daktari, kwa kawaida kila miezi 3. Ufuo wa Shanzu ni wa watoto wa kijiji, wavuvi na wageni wa hoteli. Wote hutembea pekupeku. Funza nao huwashika mbwa na watu vilevile, na anayemtibu mbwa anajitibu mwenyewe.

Mambo mawili humuua mbwa wa pwani ghafla. La kwanza ni bunju aliyetupwa na maji ufuoni. Sumu yake haiondoki kwa kupikwa wala kukauka juani, na haina dawa ya kuivunja. Mfundishe mbwa kuacha kitu kinywani kwa neno moja, na kamba isikutoke mkononi pale wavuvi wanapochambua nyavu. La pili ni dawa za watu. Ibuprofeni na diklofenaki huharibu tumbo na figo za mbwa, na parasetamoli inaweza kuharibu ini lake. Kidonge kilichokutuliza wewe usikigawe.

Kichaa cha mbwa

Kenya iliandikisha mbwa wa kwanza mwenye kichaa mwaka 1912, pembezoni mwa Nairobi, na leo serikali hukadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 2,000 nchini kila mwaka. Mpango wa taifa wa kuumaliza uliwekwa kwa miaka ya 2014 hadi 2030, na msingi wake ni kuwachanja mbwa wasiopungua asilimia 70. Duniani karibu wagonjwa wote, 99 kwa kila 100, huupata kwa mbwa. Dalili zikishaanza, kifo hakiepukiki kwa takriban kila mgonjwa; kabla hazijaanza, chanjo huzuia. Sijui maradhi mengine ambayo mkwaruzo mdogo na kifo vimetenganishwa na kitu rahisi kiasi hicho.

Mbwa wako achanjwe akifika miezi 3 na arudiwe kila mwaka, na kadi yake ikae katika mfuko usiopenya maji. Hukaa chomboni, lakini hushuka ufuoni mara mbili kwa siku, na ufuoni kuna mbwa wasio na mwenyewe wanaopigania vichwa vya samaki.

Ukiumwa au ukikwaruzwa, hata na mbwa unayemjua, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili. Tumia saa, kwa sababu dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani, na kazi hiyo peke yake huondoa virusi vingi. Paka aidini. Usitie pilipili, mafuta, majivu wala mafuta ya taa, na jeraha lisishonwe kwa haraka. Nenda siku hiyohiyo ukachomwe chanjo. Sindano hurudiwa siku ya 3 na ya 7 baada ya ile ya kwanza, na nyingine kadiri daktari atakavyopanga. Jeraha lenye kina hutaka pia dawa ya kingamwili inayowekwa kwenye jeraha lenyewe. Maliza sindano zote hata kama kidonda kimepona. Mbwa aliyeuma, akipatikana, afungwe na atazamwe siku 10. Lakini usingoje siku hizo zipite ndipo uanze sindano.

Na mbwa wako mwenyewe asirambe vidonda vyako. Mate yake yana bakteria wanaoweza kuleta maambukizi makali, hasa kwa wasio na kinga imara.

Sanduku la dawa

Sanduku la bati huliwa na kutu. Tumia ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kukaza, uiweke chini ya usawa wa maji mahali penye baridi, kwa maana dawa nyingi huharibika zikikaa juu ya nyuzijoto 30. Ndani yake weka sabuni, aidini, shashi na bandeji, kibano, mkasi, glavu, kipimajoto cha watu na kingine cha mbwa chenye alama, parasetamoli, pakiti za chumvichumvi, dawa ya mzio, krimu ya fangasi, klorini na kurunzi ya kichwani. Viuavijasumu usinunue kwa kubahatisha. Vidonge vichache vilivyobaki kutoka kwa rafiki havimalizi ugonjwa, ila huwafunza bakteria kuvumilia dawa.

Kando ya ndoo, andika kwa wino usiofutika: Chaneli 16 ya redio ya baharini, inayosikilizwa na kituo cha uokoaji cha Mombasa kilichofunguliwa mwaka 2006, 1199 ya Msalaba Mwekundu, namba ya daktari wa mifugo, na njia ya kwenda. Kutoka ufuo wa Shanzu, bodaboda hukufikisha barabara ya Malindi. Kituo cha afya cha Mtwapa kiko ng'ambo ya daraja, na kwa mambo makubwa ni Hospitali Kuu ya Pwani kisiwani, ambayo wenyeji huiita Makadara.

Mtu wa kumwachia mbwa

Hayo yote ni rahisi kuandika. Ugumu huja usiku mtu anapoona wekundu umevuka mstari wa kalamu, akamtazama mbwa aliyelala mlangoni, akasema moyoni, nitangoja mpaka kesho. Hospitali haimpokei mbwa. Matatu haimchukui. Akiachwa peke yake sitahani atalia, ataruka majini, au jua litamkuta amefungwa. Mtu anayempenda mbwa wake hukubali kuteseka yeye, na kesho huwa kesho kutwa. Nimewaona watu wazima, wenye akili zao na fedha za matibabu, wakifanya hesabu hiyo.

Kwa hiyo kabla ya kibano na kabla ya aidini, tafuta mtu. Katika Shanzu mara nyingi atakuwa askari wa usiku wa nyumba iliyo karibu na gati, au mvuvi anayelaza mashua yake jirani na yako. Mwendee kwa adabu, ukae, umwulize habari za nyumbani, useme haja yako waziwazi, na malipo yatajwe siku hiyo, yasiachwe kwa hisani. Usichukulie kwamba kila mtu atakubali. Wengi wa majirani zetu ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, na kwao kitu kilichoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Akikwambia hawezi, ana haki, na mshukuru. Akikubali kumvusha mbwa kwa mashua yake, tandika turubai lako mwenyewe, mbwa awe na kamba na bakuli lake, na ukifika uoshe mashua kabla ya kuombwa. Ukifanya hivyo mara ya kwanza, hutakosa mtu mara ya pili.

Mkabidhi nakala ya kadi ya chanjo, chakula cha siku tatu kilichopimwa katika mifuko, ufunguo wa kidau, na namba ya ndugu yako mmoja. Mwonyeshe nanga imelala wapi na kamba ya akiba iko wapi, ili chombo nacho kiwe na jicho. Nawe uwe tayari kwa zamu yake: siku mtoto wake akishikwa na homa usiku, simu yako na nauli yako ziwe zake.

Kisha mfanye jaribio mkiwa wazima. Mbwa alale kwake usiku mmoja, nawe ulale mbali na chombo. Utajua kama anakula kwa mkono mwingine, kama kamba inatosha, na kama askari anamwogopa au wamezoeana. Fanyeni hivyo mwezi Machi, kabla ya mvua ya masika na mawimbi ya kusi, wakati kuvuka kungali kwepesi. Siku ya homa itakapofika utafunga ndoo ya dawa, utamshusha mbwa, na utakwenda kwa daktari mapema, maradhi yangali madogo.